Mabapa na mihimili ya mwili: jinsi ya kusoma mwendo wa mchezaji hatua kwa hatua

Ukimwambia mchezaji "zungusha mguu" bado hujamwambia kitu, maana nyonga yake inaweza kuupeleka mguu mbele na nyuma, inaweza kuutanua kwenda pembeni, na inaweza kulisokota paja lenyewe mpaka vidole viangalie nje, na zote tatu hizo uwanjani tunaziita kuzungusha. Yeye atachagua anayoijua, wewe utapandisha sauti, mazoezi yanaharibika. Mabapa (karatasi za kufikirika zinazoupasua mwili) na mihimili (mistari ambayo mwendo unaizunguka) ndo vinatenganisha hayo mambo matatu, na hii sio habari ya wanafunzi wa mtihani tu, kocha wa timu ya mtaa anaihitaji, fizio anaihitaji, hata mzazi anayemrekodi mtoto wake akikimbia inamfaa.

Shida ninayoiona kila mara ni kwamba watu wanakariri mabapa matatu, wanakariri mihimili mitatu, wanaichora vizuri kabisa kwenye daftari, afu ukiwawekea video ya beki anapiga krosi wanakwama. Wanakwama kwa sababu wanaanza na bapa. Mi nasema anza na mhimili, yani tafuta kwanza ule mstari ambao mwendo unauzunguka. Ukishaupata, bapa linakuja lenyewe, na papo hapo unajua wapi pa kusimama na simu yako kurekodi. Twende taratibu.

Hatua ya 1: Msimamo wa kuanzia

Simama wima, uso mbele, vidole vya miguu vinaangalia mbele, mikono imening'inia pembeni, viganja vinaangalia mbele. Hicho cha viganja ndo kinasahaulika sana, na ndo chenye kazi kubwa, kwa sababu viganja vikiangalia mbele mifupa miwili ya kigasha inakaa sambamba na kiwiko kinakunja kuelekea mbele moja kwa moja. Ukiviacha viangalie mapaja, mifupa hiyo imeshaanza kupishana na majina yote ya mwendo wa mkono yanaanza kukuchanganya. Kila mwendo utakaoutaja unahesabiwa kutoka hapa, hata kama mchezaji yuko kichwa chini miguu juu.

Na jambo hili lishike mapema: mabapa yamefungwa kwenye mwili, hayajafungwa kwenye ardhi. Muogeleaji amelala kifudifudi majini, bapa linalomkata kiunoni na kumgawa nusu ya juu na nusu ya chini ukilitazama toka ukingoni mwa bwawa limesimama wima. Haijalishi. Ni bapa lilelile alilokuwa nalo akiwa amesimama anasubiri kuruka. Wengi wanaokosea maswali ya kuogelea, pushapu na sama (kujipindua hewani) wanakosea hapa tu, wameliacha bapa chini wakati mchezaji ameshaondoka nalo.

Hatua ya 2: Mabapa matatu

Bapa la sagitali linakupasua toka kichwani hadi chini likakugawa upande wa kulia na upande wa kushoto. Bapa la frontali linakupasua pia toka juu hadi chini ila linatenganisha mbele na nyuma. Bapa la transvesi linakukata kwa ulalo, juu huku na chini kule.

Sasa kuna kitu kinawasumbua watu: kama sagitali inagawa kulia na kushoto, mbona mwendo wake ni wa mbele na nyuma? Jibu ni kwamba mwendo unakwenda sambamba na bapa, haulikati. Fikiria umesimama kwenye kichochoro chembamba cha Mji Mkongwe, kuta zinakugusa bega la kulia na la kushoto. Hapo unaweza kutembea, kupiga mpira mbele, kuinama, kuchuchumaa, kunyanyua mkono mbele, ila huwezi kutanua mkono hata kidogo. Huo ndo mwendo wa sagitali. Geuka nyuzi 90, sasa ukuta mmoja unagusa kifua mwingine unagusa mgongo, huwezi kupiga hatua ya mbele tena, lakini unaweza kwenda kiubavuubavu, kutanua mikono na miguu, kuinamisha kiwiliwili upande. Hiyo ni frontali. Transvesi ndo ile iliyobaki, ya kugeuza shingo, kusokota kiuno, kugeuza paja ndani na nje.

Hatua ya 3: Mhimili, hapa ndo pa kukaa

Chukua kipande cha boksi bapa na kijiti cha mshikaki. Toboa boksi katikati kwa kijiti, kijiti kisimame wima kabisa juu ya boksi, nyuzi 90. Zungusha. Boksi ndo bapa, kijiti ndo mhimili, na unaona mwenyewe kwamba boksi haliwezi kuzunguka vizuri bila kijiti kusimama wima juu yake. Kanuni yote ni hiyo. Mhimili siku zote unasimama wima juu ya bapa lake, haulali ndani yake.

Sasa lishike boksi mbele ya mwili wako, uliweke kama bapa la sagitali, uso mmoja unaangalia kulia mwingine kushoto. Kijiti kinaelekea wapi? Kinatoka kulia kwenda kushoto. Kwaiyo mwendo wa sagitali unazunguka mhimili wa kulia-kushoto. Liweke kama frontali, kijiti kinatoka mbele kwenda nyuma, basi frontali inazunguka mhimili wa mbele-nyuma. Lilaze kama transvesi, kijiti kinasimama juu-chini, mhimili wake ndo huo. Umemaliza, hakuna cha kukariri, siku ukisahau tafuta boksi na kijiti.

Majina ya mihimili ndo yana fujo. Vitabu vingine, hasa vya shule za Uingereza ambavyo wanafunzi wengi huku wanavitumia, mhimili wa kulia-kushoto vinauita wa frontali, vingine vinauita huohuo wa transvesi. Mhimili wa mbele-nyuma wanauita wa sagitali. Ona mtego: mhimili wa sagitali hauendi na bapa la sagitali, unaenda na bapa la frontali! Mwanafunzi anaona majina yamefanana anayaunganisha, anapoteza maksi akiwa ameelewa kila kitu. Ndo maana kwenye mwongozo huu mihimili naitaja kwa uelekeo wake, na kwenye mtihani wewe angalia silabasi yako inatumia jina lipi afu utumie hilohilo mwanzo mpaka mwisho.

Hatua ya 4: Anza na mwili mzima, uko rahisi kuona

Kabla hujaingia kwenye goti na bega, jizoeze na watu wa sarakasi, maana wao mwili mzima unazunguka kama kitu kimoja na mhimili unapita kwenye kitovu cha uzito, karibu na kiuno. Akipiga sama ya mbele au ya nyuma, mstari anaouzunguka unatoka nyonga ya kulia kwenda ya kushoto, basi ni sagitali. Akijibinua ubavu, ile mikono inashika chini mmojammoja miguu inapita juu imetanuliwa, ile watoto wanapiga ufukweni jioni, mstari unatokea kitovuni kwenda mgongoni, basi ni frontali. Akiruka juu akajizungusha kama pia akatua palepale, mstari umetoka utosini hadi nyayoni, transvesi.

Hewani mchezaji hana cha kusukuma, kiasi cha mzunguko alichoondoka nacho chini ndo hichohicho mpaka atue. Anachoweza kubadilisha ni umbali wa mwili wake na mhimili. Akijikunja magoti kifuani, uzito umesogea karibu na mhimili wa kulia-kushoto na kasi inaongezeka, akijinyoosha inapungua. Kwa mhimili wa juu-chini ni vilevile, akibana mikono kifuani anazunguka kwa kasi, akiitanua anapoa. Unaona faida ya kujua mhimili: kujikunja magoti kunasaidia sama, ila kwa yule anayezunguka wima cha kwanza ni kubana mikono. Kocha anayesema tu "jibane" amesema nusu.

Ukishazoea, mtafute Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani, kwenye mazoezi ya sakafuni. Mwaka 2019 aliruka sama ya nyuma mara 2 huku akijizungusha mara 3 ndani ya ruko hilohilo, akairudia kwenye mashindano ya dunia Stuttgart na ikaingia kwenye kitabu cha alama kwa jina lake. Mihimili miwili kwa wakati mmoja, mizunguko 2 kwenye ule wa kulia-kushoto na mizunguko 3 kwenye ule unaotoka utosini hadi nyayoni. Irudishe polepole, hesabu moja tu kwanza. Hesabu mara ngapi kichwa kimepita chini, afu irudie uhesabu mara ngapi kifua kimegeuka. Ukijaribu kuhesabu zote mbili kwa pamoja utapotea.

Hatua ya 5: Shuka kwenye viungo

Hapa swali la kwanza kila mara ni: kiungo gani? Usiseme "mkono unazunguka", sema bega, au kiwiko, au kifundo cha mkono. Swali la pili: hicho kiungo kina mihimili mingapi? Goti na kiwiko vinafanya kazi kama bawaba, mhimili mmoja, kukunja na kunyoosha basi. (Goti likiwa limekunjwa linageuka kidogo ndani na nje, kaa kwenye kiti ugeuze unyayo utahisi, ila kazi yake kubwa ni bawaba.) Kifundo cha mkono kina mihimili miwili, wa kulia-kushoto na wa mbele-nyuma. Bega na nyonga ni mpira ndani ya kikombe, mihimili yote mitatu, ndo maana uhuru wake ni mkubwa na ndo maana lawama nyingi za ufundi zinaishia hapo.

Majina ya mwendo yanajipanga yenyewe kwa mihimili. Kwenye mhimili wa kulia-kushoto kuna kukunja na kunyoosha, yani goti linavyokunjwa, paja linavyopanda mbele na kurudi nyuma, mgongo unavyoinama, pia unyayo unavyovutwa juu kuelekea ugoko au kunyooshwa chini kama mtu anayesimamia vidole. Kwenye mhimili wa mbele-nyuma kuna kutanua na kurudisha ndani, mguu au mkono ukienda mbali na mstari wa katikati ya mwili na ukirudi, pamoja na kuinamisha kiwiliwili upande. Unyayo ukigeuka wayo uangalie ndani, ile inayotegua kifundo cha mguu kwa nje, nayo kwa sehemu kubwa iko hapa. Kwenye mhimili wa juu-chini kuna kugeuza: shingo, kiwiliwili, paja, mkono wa juu, na kigasha kinachogeuza kiganja juu na chini.

Halafu kuna miwili inayokimbiwa na vitabu vidogo. Mmoja ni mduara wa mkono mzima, kama mrusha mpira wa kriketi au muogeleaji wa mgongo, huo hauna bapa moja, ni kukunja, kutanua, kunyoosha na kurudisha vikifuatana, usilazimishe. Mwingine ni mkono ukiwa tayari umenyanyuliwa usawa wa bega ukapelekwa mbele ya kifua na kurudishwa nyuma, mfano mrusha kisahani. Mkono unapita kwa ulalo, mhimili ni wa juu-chini kwenye bega, kwaiyo ni transvesi hata kama hakuna kilichosokotwa. Pushapu ya viwiko vilivyotanuka bega lake linafanya hivyohivyo, na watu wengi wanaiandika sagitali kwa sababu wanaona mwili unapanda na kushuka.

Kiwiko cha kwenye hiyo pushapu je? Kinakunja na kunyooka kwa mhimili wake uleule wa siku zote, ila mkono wa juu umeuhamisha huo mhimili ukaangalia kwingine. Kwa kuwa tunahesabu toka msimamo wa kuanzia, jibu la darasani ni sagitali. Uwanjani we angalia bawaba imeelekea wapi kwa sasa.

Hatua ya 6: Simu ikae kwenye mhimili

Hii hatua ndo ningependa kila kocha aichukue hata akiacha zingine zote. Mwendo unaonekana kwa umbo lake la kweli pale tu unapoutazama kwa kufuata mhimili wake, jicho lako liko kwenye ncha ya kijiti na boksi linazunguka mbele yako. Kwaiyo mwendo wa sagitali unarekodiwa kwa ubavuni, wa frontali kwa mbele au nyuma, wa transvesi kwa juu. Ukisimama pengine popote pembe za viungo zinadanganya. Ukikosea kwa nyuzi 30 tu, hatua ya mkimbiaji inaonekana fupi, karibu asilimia 87 ya urefu wake wa kweli, na wewe utamwambia aongeze hatua wakati hatua yake haina shida.

Kwa mkimbiaji weka simu kwenye stendi usawa wa nyonga, mita 5 mpaka 10 toka njia yake, usimfuate kwa kugeuza simu, iache itulie yeye apite. Zile picha anazokuwa katikati kabisa ya kioo ndo za kupima, za pembeni achana nazo kwa sababu pale simu inamwona kwa mshazari. Tumia slomo. Unyayo wa mtu wa mbio fupi unakaa chini kama sekunde 0.1, kwa video ya kawaida ya picha 30 kwa sekunde unapata picha 3 tu, kwa 240 unapata 24, na humo kwenye hizo 24 ndo goti linaonekana likiingia ndani au kisigino kikishuka.

Ya juu ndo ngumu, wengi wetu hatuna droni. Jukwaa refu linasaidia, balkoni ya ghorofa ya kwanza inasaidia. Pasipo hivyo rekodi kwa mbele na umvalishe mchezaji mkanda wa rangi kali kiunoni na mwingine kifuani chini ya kwapa, utaona mikanda ikipishana anavyosokota kiwiliwili. Haikupi nyuzi kamili, ila inakuonyesha nani ameanza kugeuka, nyonga au mabega, na mara nyingi swali ndo hilo.

Hatua ya 7: Chambua tukio moja mpaka mwisho

Tuchukue shuti la mguu wa kulia. Ligawe vipande kwanza: kukimbilia mpira, kupanda mguu wa kushoto, kuvuta nyuma, kupiga, kumalizia. Kila kipande, kiungo kwa kiungo, uliza mhimili.

Mchezaji anaujia mpira kwa mshazari, hanyooki nao, na sababu yake iko kwenye transvesi: mshazari unaipa fupanyonga nafasi ya kugeuka. Mguu wa kushoto unatua pembeni ya mpira, goti limekunja kidogo (sagitali), na nyonga ya kushoto inazuia kiuno kisidondoke upande wa pili (frontali). Mguu wa kulia unavutwa nyuma, nyonga imenyooka na kutanuka kidogo, goti limekunja. Mkono wa kushoto umetanuka na kwenda nyuma, mabega yamegeuka kinyume na kiuno. Hapo mwili umesokotwa. Afu unafunguka kwa mpangilio, fupanyonga inageuka kwenda kushoto kwenye mhimili wa juu-chini, paja linakuja mbele kwenye mhimili wa kulia-kushoto, paja linapunguza kasi ndo goti linafyatuka kunyooka, unyayo umekazwa vidole chini. Kumalizia, mguu unapanda mbele na kukatiza kuelekea kushoto, nyonga inarudisha ndani.

Kwaiyo mtu akikuuliza shuti liko bapa gani na akataka jibu la neno moja, mwambie goti na paja ni sagitali ila nguvu haikuanzia hapo. Mchezaji anayepiga kwa goti tu shuti lake linakuwa jepesi, na ukimrekodi kwa ubavuni utaona kila kitu kiko sawa! Lazima urekodi pia kwa nyuma au juu ndo ugundue kiuno hakigeuki. Na pasi ya ndani ya mguu ni kitu kingine tena, pale paja linageuzwa nje kwenye nyonga, mhimili unaofuata urefu wa paja, transvesi. Mtoto ambaye pasi zake zinaruka badala ya kuteleza chini, anza kuangalia kama hilo paja linafunguka.

Mbio nazo zinasomwa vibaya. Ni kweli nyonga, goti na kifundo karibu kazi yote ni sagitali. Lakini mtu anayekimbia muda wote yuko ama hewani ama kwenye mguu mmoja, na ukiwa kwenye mguu mmoja kiuno kinataka kudondoka upande usio na mguu. Kinachokishikilia ni misuli ya pembeni ya tako, frontali. Msimamie nyuma mkimbiaji wako mwishoni mwa mazoezi akiwa amechoka, angalia bukta inavyokaa: mstari wa kiuno ukianza kuyumba kushoto kulia na goti likaanza kuingia ndani, hiyo haionekani kwa ubavuni hata umrekodi siku nzima. Na kila mguu unavyokwenda mbele fupanyonga inageuka kidogo, kifua kinageuka kinyume, mikono ndo inasawazisha. Mikono inayokatiza mbele ya kifua ni dalili ya msokoto uliozidi mahali fulani huko chini, usimkemee mikono kabla hujaangalia nyonga.

Mkuki ndo raha yenyewe. Tarehe 26 Agosti 2015 Beijing, Julius Yego alirusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, Mkenya wa kwanza kuchukua dhahabu ya dunia kwenye michezo ya kurusha na kuruka, na huyu ni mtu aliyejifunza sehemu kubwa ya ufundi kwa kuangalia video za warushaji kama Jan Železný, mwenye rekodi ya dunia ya mita 98.48 tangu 1996. Tafuta video ya mrusho huo wa Yego, angalia hatua zake za mwisho zile za kupishanisha miguu, kifua kimegeukia pembeni huku miguu inaenda mbele, transvesi imejazwa. Mguu wa kushoto unagonga chini na kukataa kukunja. Nyonga inageuka kabla ya bega, bega linabaki nyuma na mkono wa juu unageuzwa nje, afu kifua kinakuja, afu kiwiko, afu kiganja, na kiwiliwili kinainama mbele na upande kwa wakati mmoja. Mapigo ya namna hii yanakata mabapa yote kwa mshazari, wala usiumize kichwa kutafuta bapa moja. Taja kiungo, taja mhimili wake, nenda kingine.

Hatua ya 8: Kagua mazoezi yako

Chukua ratiba yako ya wiki, pembeni ya kila zoezi andika S, F au T. Skwati S, lanji ya mbele S, kukimbia S, kuruka kamba S, kukaa na kuinuka kwa tumbo S. Timu nyingi za mtaani utakuta ukurasa mzima ni S. Halafu mechi yenyewe ni chenga, kugeuka, kuteleza pembeni, golikipa kudaka upande, beki kurudi kiubavu, yani F na T kibao, na misuli ya kinena inaitwa kwenye kazi ambayo haijawahi kuandaliwa.

Angalia FIFA 11+, ile programu ya kupasha ya mazoezi 15 yanayochukua kama dakika 20. Humo kuna kufungua nyonga nje na kuifunga ndani ukiwa unakimbia taratibu, kuzunguka mwenzako kiubavu, kuruka na kugongana bega, planki ya ubavu, kusimama mguu mmoja, na mwishoni kukanyaga na kukata kwenda upande mwingine. Waliopanga walijua S peke yake haitoshi. Kwa kinena kuna lile zoezi la Copenhagen, unalala ubavu, mwenzako anashika mguu wa juu, unajinyanyua kwa paja la ndani. Kwenye utafiti wa wachezaji wanaume wa Norwei uliotoka 2019, programu iliyojengwa juu ya zoezi hilo ilipunguza hatari ya matatizo ya kinena kwa asilimia 41.

Kwa wachezaji wa kike, netiboli, mpira wa miguu, kikapu, ongeza jicho la frontali kwenye kutua. Waambie waruke toka kwenye boksi fupi watue, wewe simama mbele yao. Goti likiingia ndani ya mstari wa kidole cha pili, hapo frontali na transvesi zimeungana, paja limeingia ndani na kugeuka, na mkao huo ndo unaoonekana mara nyingi kano ya ACL, ile iliyo katikati ya goti, inapokatika bila kuguswa na mtu. Mwambie "tua kimya, magoti juu ya vidole", mrekodi tena kwa mbele, linganisha.

Ukishaandika herufi zako usibadilishe ratiba nzima kwa siku moja. Toa zoezi moja la S uweke moja la F, wiki mbili baadaye toa lingine uweke la T. Winga na mabeki wa pembeni waanze na T kwa ajili ya krosi na kugeuka. Golikipa aanze na F, kusukuma kwa mguu mmoja kwenda upande, kulia na kushoto sawasawa, na umrekodi ukiwa nyuma ya nyavu, kwa sababu mhimili wake uko pale.